Za Pua na za Feni

Siku Fredrick anaposafiri sifagii uwanja. Kwetu Rungwe mtu akienda safari hufagii nyuma yake, utakuwa umezifagia nyayo zake, asione pa kurudia. Nimeolewa huku Kibamba nikaja na desturi yangu hiyo, nikaiongezea na ya hapa: nasubiri mpaka apite. Akishapita nikamsikia, ndipo nachukua ufagio.

Maana mume wangu huondoka mara mbili kwa safari moja. Mara ya kwanza anaondoka nyumbani alfajiri, mtoto kalala, anakwenda yadi kule Temeke kuchukua gari. Mara ya pili anapita hapa Morogoro Road akiwa na gari lenyewe, jua limeshapanda, na hapo hasimami. Yeye ni dereva wa IT, haya magari yanayoshuka bandarini kwenda Zambia na Kongo. Yamefungwa chombo cha kuyafuatilia. Ukisimama pasipo kituo, watu wa ofisini wanaona kwenye kompyuta yao, wanapiga simu kuuliza unashusha nini. Kwa hiyo anapita. Mie na mwanangu Asifiwe tunakuwa gengeni kwangu, kando ya barabara, nyuma ya nyanya na vitunguu, na baba wa watu anatupita kama hatujui.

Isipokuwa sauti.

Mbele ya genge langu pana kivuko cha waenda kwa miguu chenye matuta, na baada ya kivuko barabara inapanda kilima kidogo. Fredrick akishavuka matuta anashusha gia na kukanyaga mafuta. Si kwa kukimbiza gari, trafiki wapo, bali kwa kuliachia likohoe na kuimba. Injini inaanza chini, inapanda, inapanda, mpaka inafika mahali inalia kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Asifiwe popote alipo anatupa alichoshika. "Baba huyo!" Anainua mikono yote miwili, gari limeshapanda kilima, na yeye bado mikono iko juu.

Hiyo ndiyo kwaheri ya nyumba yetu. Demetria, jirani yangu anayekaanga samaki hapo pembeni, aliwahi kuniuliza kwa nini shemeji yake asipige honi kama wanaume wengine. Nilimwambia aulize mwenyewe. Akamuuliza kweli, Fredrick akamjibu kwamba honi ni ya kumwambia mtu atoke njiani, siyo ya kumuaga. Demetria akasema haya, mwenye gari la watu ana maneno.

Fredrick si mrefu, na Demetria anasema ndiyo maana wakampa magari ya chini. Sababu yenyewe ni nyingine. Pale yadi wanaopanga nani aendeshe nini waligundua kwamba magari ya spoti, haya yaliyolala karibu na lami, yalikuwa yanafika mpakani matumbo yamechubuka kwa sababu ya matuta. Ya Fredrick hayakuchubuka. Tuta analivuka mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, polepole, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani anayeingia mlango mfupi. Basi kila gari la chini likishuka melini likawa lake. Ameendesha magari ya matajiri wa nchi tatu, na hajawahi kuegesha hata moja mbele ya mlango huu. Anayapeleka Tunduma, anakabidhi ufunguo, anarudi kwa basi na begi lake linalonuka ngozi mpya ya viti vya watu.

Akirudi haingii ndani moja kwa moja. Anaweka begi, anakaa kwenye kigoda karibu na simtanki, mikono juu ya magoti, hasemi. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilidhani ana hasira na mie. Nikimletea maji ananishukuru, lakini macho yako kwingine. Nilipomzoea nikamuuliza, akanieleza jambo la magari ya turbo. Alisema gari la namna ile likishakimbia sana hulizimi hapo hapo. Unaliacha liungurume kidogo, kwa sababu ndani mna kitu kimewaka kama kaa la moto, na oili inayopita ndiyo inayokipoza. Ukizima ghafla, oili inasimama na kuungulia mle mle.

"Na wewe ni turbo?" nikamuuliza.

Akacheka. Tangu siku ile namwambia Asifiwe, baba akirudi mwache apoe kwanza. Na Asifiwe anakaa pembeni yake chini, anamsubiri, kama paka anayesubiri dagaa.

Mie nimeishia darasa la saba, mambo ya injini niliyajulia jikoni. Siku moja nawasha mkaa, Fredrick akachuchumaa karibu yangu. Akasema, jiko ukiliweka mlangoni likavuta hewa lenyewe, huo ndio moto wa injini ya kawaida, isiyo na turbo. Inapumua kwa pua zake. Ukichukua kipepeo ukalipepea, mkaa ule ule unatoa moto mkubwa kuliko kimo chake. Hiyo ndiyo ya turbo. Kwake yeye injini zikawa za aina mbili tu: za pua na za feni.

Nikamuuliza, nani anayelipepea huko ndani ya gari? Akasema ni moshi wake mwenyewe. Moshi unaotoka unazungusha kifeni kabla haujafika kwenye ekzosi, na kifeni kile kinasukuma hewa kuirudisha kwenye injini, nyingi kuliko ambayo ingevuta yenyewe. Nililifikiria hilo nikipika mpaka maharage yakakaribia kukauka. Kitu ambacho kimeshatumika, cha kutupwa, ndicho kinachoupuliza moto.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye za pua. Alisema ya pua haikufichi kitu. Ukikanyaga kidogo inajibu kidogo, ukikanyaga sana inajibu sana, palepale, na sauti inapanda pamoja na mguu wako mpaka mshale wa kwenye dashibodi ufike mwisho. Ya feni, alisema, inakunyamazia kwanza, halafu inakurukia. Nguvu inayo, tena nyingi. Sauti yake ndiyo imezibwa, kwa sababu ule moshi unaobeba sauti umeshapita kwenye kazi nyingine njiani, umechoka.

Sababu ya kuipenda sauti namna ile aliniambia mara moja tu, na hajairudia.

Amekulia Uyole, kando ya barabara hii hii, upande wake wa mwisho. Mama yake, mama mkwe wangu Bupe, alikuwa anauza viazi kwa magunia. Baba yake alianza utingo, akapanda akawa dereva wa lori la kwenda Zambia. Akipita Uyole naye alikuwa hasimami kila mara, ila alikuwa anapiga honi ndefu, na Fredrick mdogo alikuwa anakimbia mpaka kwenye mtaro kuitazama tela ikiishia. Alilijua lile lori kwa injini kabla ya honi. Lilikuwa na mluzi fulani likipanda, akiusikia anaanza kukimbia.

Siku moja alikuwa amekaa juu ya gunia, akausikia mluzi. Akakimbia. Lori likapita, honi haikupigwa. Akarudi akamwambia mama yake baba kapita. Mama Bupe akasema hapana, baba yako hawezi kupita kimya, hilo ni lori jingine. Lakini yeye alijua ni lenyewe. Baba yake hakurudi tena. Walikuja kusikia ana mji Kapiri, kule Zambia, ana watoto wengine.

"Niliisikia injini," aliniambia. "Mama alingoja honi. Mie injini niliisikia."

Ndiyo maana. Asifiwe alipozaliwa akaniambia huyu hatakaa abahatishe kama baba yake kaondoka au hajaondoka. Atasikia. Na honi hataki hata kuisikia.

Kwa miaka michache mambo yalikwenda hivyo. Halafu za pua zikaanza kupungua. Mie niliona kwa mtoto kwanza. Fredrick aliondoka alfajiri kama kawaida, tukakaa gengeni, magari yakapita na kupita, jua likafika utosini. Asifiwe akawa hataki uji, hataki kwenda kucheza, anasema baba bado. Uwanja wangu umejaa majani ya mkungu, sifagii. Jioni Fredrick akapiga simu yuko Mikumi. Nikamwambia hujapita. Akasema nimepita, nimekanyaga mpaka nikaogopa, lilikuwa la feni, jekundu, mmeliangalia. Nikakumbuka. Lilipita jekundu moja kimya kimya, limejifunga vioo, na mwanangu alilitazama kisha akaangalia nyuma yake, akimtafuta baba yake kwenye magari mengine.

Siku ile Asifiwe alilala akiamini baba yake yuko yadi na atarudi kula. Kesho yake akaamini hivyo hivyo. Fredrick aliporudi kutoka Tunduma, mtoto alimuuliza mbona umechelewa kazini.

Aliliweka begi chini, akakaa kwenye kigoda. Safari hiyo alipoa muda mrefu.

Akaanza kuyakataa magari ya turbo.

Anayepanga magari pale yadi ni Hilal, na si bosi tu, ni rafiki yake. Ukoo wao ni Waarabu wa zamani wa Temeke, babu yake alikuwa na duka la vipuri, na yeye kazaliwa kati ya maboksi ya fani belti. Ni mnene, mcheshi, na ananiita shemeji kwa sauti inayofika mpaka kwa Demetria. Jumapili moja akaja kwetu na tende na nyama, tukampikia ndizi. Nilikuwa nachambua mchele wa jioni pale barazani, kwa hiyo yote niliyasikia.

Alianza kwa utani. Alisema dunia imehama, Fredrick, wewe umebaki kituoni. Magari mapya ya spoti karibu yote yana turbo siku hizi, kwa sababu huko yanakotengenezwa serikali zao zinataka injini ndogo, moshi kidogo, kelele kidogo, na wateja wanataka nguvu ile ile. Turbo ndiyo inayowapatanisha. Fredrick akasema inachelewa kujibu. Hilal akasema hizo ni habari za turbo za zamani, za leo zinaamka kabla yako. Fredrick akasema hazina sauti. Hilal akasema sauti haipandishi mlima.

"Wewe mtu wa Uyole," akamwambia, "nikufundishe mie wa pwani? Kule kwenu hewa nyepesi. Hizo za pua zikifika juu zinahema kama mie nikipanda ngazi. Ya feni inasukumiwa hewa, haijui kama ipo Temeke au ipo Uyole."

Fredrick akacheka kwa sababu ni kweli. Aliwahi kuniambia mwenyewe kwamba akishamaliza kupanda mlima Kitonga, ya pua inakuwa kama mtu aliyekosa usingizi, unakanyaga na haikupi kilekile ilichokupa Chalinze. Alicheka, lakini hakukubali.

Hilal akaacha utani. Akasema, na kesho yatakuja ya umeme, hayo hayalii kabisa. Utamuaga mwanao kwa nini? Nikainua macho kutoka kwenye ungo. Fredrick alikuwa anatazama kigoda chake pale simtanki.

Wakati wa kuondoka, Hilal alinifuata jikoni kuchukua chombo chake. Hapo hakupaza sauti. Alisema kuna gari linashuka wiki ijayo, la chini kabisa, la mteja wa Lubumbashi, na lina turbo. Fredrick akilikataa na hilo, magari yote ya chini yatahamia kwa dereva mwingine, anaitwa Praygod. Amri imetoka kwa wakubwa, yeye Hilal hawezi kuizuia tena. "Zungumza naye, shemeji. Mie ananiona nauza maneno."

Sikuzungumza naye siku ile wala iliyofuata. Nilikuwa na sababu yangu.

Fredrick alikuwa nyumbani. Kwa kukataa kwake safari, alikuwa nyumbani siku nyingi kuliko nilivyowahi kuwa naye tangu tuoane. Anambeba Asifiwe mabegani kwenda kisimani kwa jirani yetu mzee Romani. Ananisaidia kupanga nyanya, kubwa chini ndogo juu, akikosea kila siku vile vile. Mchana anakaa nami gengeni, na mie namwona mume wangu kwa jua, ana kovu dogo sikioni nililokuwa sijalijua. Nilitamani iwe hivyo. Nilitamani sana, sitasema nilitamani kidogo.

Ila alikuwa ananitazama mie na masikio yako barabarani. Gari likipita nyuma yake analitaja bila kugeuka. Hili la pua. Hili la feni. Hili la pua lakini mwenyewe hajui kulitumia. Likipita linaloimba vizuri anaacha kuongea katikati ya neno mpaka limalizike. Usiku akilala mguu wake wa kulia unakanyaga. Nilikuwa naye na sikuwa naye. Nikagundua kwamba akiwa Tunduma namkosa kidogo kuliko nilivyokuwa namkosa pale gengeni, yupo pembeni yangu anapanga nyanya.

Na jambo jingine nilikuwa nimelisikia. Nilikuwa nalijua kabla hata Hilal hajaja, nikalikalia.

Ni hivi. Mtu akikaa kando ya kivuko kila siku anayajua magari kwa namna nyingine, si kama dereva. Dereva anayajua yakiondoka. Mie nayajua yakipunguza mwendo, kwa sababu genge langu lipo kabla ya matuta. Na nilikuwa nimesikia kwamba haya ya feni, yale ya spoti, mtu akiyaleta kwa nguvu kidogo kisha akaondoa mguu ghafla kabla ya tuta, yanatoa pumzi. Psss. Siyo sauti ya breki za basi, ile ni nzito. Hii ni nyembamba, ni kama mtu anayeshusha mzigo na kutoa pumzi katikati ya meno. Mara ya kwanza nilidhani tairi limetoboka. Mara ya pili nikatazama. Mara zilizofuata nikawa nazingojea.

Ningenyamaza, angebaki. Gari la Lubumbashi lingekwenda na Praygod, na Fredrick angetafuta kazi nyingine hapa hapa mjini, labda angepata, na jioni angekuwa anarudi. Nilizunguka na wazo hilo gengeni kama mtu aliyeficha kitu kwenye khanga. Kisha mchana mmoja likapita la pua, la rangi ya fedha, likavuka matuta na kupanda kilima likiimba, na Asifiwe akainua mikono yote miwili. "Baba huyo!" Na baba yake alikuwa amekaa kwenye ndoo, hapo hapo, karibu ya kumgusa.

Fredrick akaitazama mikono ile. Akainuka, akaenda nyumbani.

Nikamwachia Demetria genge. Nilimkuta Fredrick kwenye kigoda. Nikakaa chini pale anapokaaga mtoto.

"Hizi za feni zina sauti," nikamwambia.

Akanitazama.

"Wewe unaitafuta ukikanyaga. Haipo huko. Ipo ukiachia mguu."

Akasema ile si sauti, ile ni hewa tu, ni hewa iliyobaki baada ya feni, haina pa kwenda, kuna mlango mdogo unaifungulia. Akaanza kunieleza mlango huo ulipo. Nikamsubiri amalize. Nikamwambia sijui mlango, najua nimekaa pale kwenye kivuko na naisikia, tena naisikia vizuri kuliko za pua, kwa sababu inatoka gari likiwa bado mbele yangu. Zile zake zinatuita zikiwa zimeshatupa mgongo.

Nikaona lile neno la mgongo limefika.

"Itasikika?" akauliza.

"Fungua kioo. Njoo nalo na nguvu kidogo, ukifika kwenye genge, achia."

"Na Asifiwe atajuaje ni mie?"

Nikasema tutamfundisha. Akatazama mikono yake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba baba yake lile lori lake lilikuwa la turbo, ule mluzi aliokuwa anaukimbilia akiwa mdogo ulikuwa wa feni. Alikuja kulijua hilo ukubwani, na hakumwambia mtu.

Nikamwekea mkono gotini. Tukakaa hivyo mpaka Demetria akaita kwamba kuna mteja anataka chenji.

Kumfundisha mtoto haikuwa kazi. Fredrick alimkalisha kwenye mapaja, akajaza mashavu hewa, akafanya kama anaendesha, akaachia: psss. Asifiwe akacheka mpaka akakohoa. Kwa siku zilizobaki nyumba nzima ilikuwa inatoa pumzi. Uji wa moto, psss. Mlango ukifungwa, psss. Demetria akauliza kama tumefuga nyoka.

Akampigia Hilal kwamba atalichukua la Lubumbashi. Nilimsikia Hilal kwenye simu akimshukuru Mungu kwa Kiarabu na kwa Kiswahili.

Alfajiri akaondoka. Aliinama kwa mtoto aliyelala, akamfunika mguu, akatoka. Sikufagia.

Asubuhi tukawa gengeni. Nilimvalisha Asifiwe gauni la njano, nadhani kwa sababu nilitaka aonekane. Magari yalipita. Kila la chini mtoto alitega sikio, nami nikatega. Likapita moja la pua likaimba, akanitazama, nikatikisa kichwa, akashusha mikono yake pole pole. Hilo lilinichoma. Kwa miaka yake yote sauti ile ilikuwa baba, na leo mie mama yake ndiye nilikuwa namwambia siyo.

Kisha likaja. La kijivu, limelala chini kama mjusi, kioo cha upande wetu kiko wazi. Lilikuja kwa mvumo mzito usio na wimbo, likasogea, likasogea, nikauona mkono wake kwenye usukani na shati la bluu nililolipiga pasi. Hakugeuka kututazama, macho yalikuwa kwenye matuta. Alipofika sawa na nyanya zangu akaachia mguu.

Psss.

Ilikuwa ndogo. Mtu aliyekuwa ananunua vitunguu hakuisikia. Mie niliisikia kama ametolea pumzi shingoni kwangu. Gari likavuka tuta mshazari, gurudumu moja, jingine, likapanda kilima kimya.

Asifiwe hakupiga kelele. Hakuinua mikono. Alisimama akilitazama mpaka likamezwa na malori, kisha akanishika khanga.

"Mama, baba kachoka?"

Nilimpimia yule mteja vitunguu vyake, nikampa na vya zawadi bila kujua. Nilikuwa nimemfundisha mtoto kuisikia kwaheri, na yeye akasikia kilichokuwemo ndani yake. Nyumbani nikaushika ufagio, nikaona kama bado hajapita, nikauacha tena mlangoni.

Alipiga simu akiwa Chalinze, kwenye kituo wanaporuhusiwa kusimama. Nilisikia gari nyuma yake likiunguruma taratibu, alikuwa hajalizima, analiacha lipoe.

"Amesikia?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Amesikia. Anauliza kama umechoka."

Injini ikaendelea kuunguruma, na katikati ya mngurumo ule nikamsikia anapumua.

"Mwambie ndiyo," akasema. "Baba kachoka kidogo. Lakini kapita."

Halafu injini ikazimwa.

Nikamwambia Asifiwe kama nilivyoambiwa, neno kwa neno. Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyepewa taarifa. Nikachukua ufagio mkubwa, naye akachukua kile kifagio cha njiti kilichokatika mpini, tukaanza kufagia majani ya mkungu kuanzia mlangoni kuelekea barabarani. Kila akivuta kifagio anajaza mashavu hewa, anaachia. Psss. Psss. Tulipofika kwenye kigoda cha baba yake, akakizunguka, hakukisogeza.